Eti askari wa Roma walilipwa chumvi? Najibu nikiwa Via Salaria

Habari zenu wapendwa. Kabla hamjaanza kuandika "dada anaringa na mitaa ya Ulaya", nimekuja hapa kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: eti askari wa Roma walilipwa chumvi, ndiyo maana mshahara kwa Kiitaliano ni salario? Kuna kaka kanijia juu kabisa, "Miaka sita Roma, hujui hata hilo?"

Najua, kaka yangu. Hii ndiyo Via Salaria, Barabara ya Chumvi. Chumvi ya kule mto Tiber unakoingia baharini ilipita hapa kwenda bara, kwa Wasabini, kabila jirani la Roma ya kale. Na neno salario kweli limetokana na chumvi, Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliandika hivyo kabla hajafa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79. Ila hakusema askari walipanga foleni kupimiwa chumvi. Askari alilipwa sarafu, dinari 225 kwa mwaka enzi za Augustus, kaizari wa kwanza, na malipo hayo yaliitwa stipendium.

Wale vibarua wa shamba la mizabibu kwenye Biblia walipatana dinari moja kutwa. Piga hesabu, askari hakufika hapo. Mwaka 14, Augustus alipofariki, majeshi ya Roma huko Pannonia, jimbo la mpakani, yaligoma. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kilio chao: roho na mwili vimethaminiwa asi kumi kwa siku, visarafu vya shaba, na humo humo wanunue nguo, silaha na mahema.

Niliposoma hapo nililia. Nimefanya usafi hotelini, mkataba wa masaa manne kwa siku, kazi masaa saba, na sare nikakatwa kwenye mshahara. Silalamiki, nina afya na nina kazi. Lakini ndugu mnaoniandikia "dada tuma hata kidogo", ile namba ya juu kwenye karatasi ya malipo siyo inayoingia benki. Na mpaka leo huku watu wa ofisini husema stipendio, salario ni la vibarua. Mshahara wetu sisi hauna chumvi, ni Kiarabu, unatokana na shahr, yaani mwezi.

Neno la Kirumi linalonikaba mimi ni kalenda. Kalendae ilikuwa siku ya kwanza ya mwezi, siku ya kudaiwa riba, na daftari la mkopeshaji liliitwa kalendarium. Hivyo neno kalenda lilianza kama daftari la madeni! Mwezi uliopita, tarehe 1 asubuhi, mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Kibali changu cha kuishi nakisubiri mwezi wa nane sasa. Stempu ya euro 16 nilibandika, alama za vidole nilitoa. Risiti ya posta ya maombi hayo inaniruhusu kufanya kazi, ila bosi anataka kadi yenyewe ndipo aongeze mkataba.

Wadogo zangu mnaouliza mje au msije, siwezi kuwaamulia. Mimi nilipokelewa na shangazi, wewe huenda huna mtu, na haya ni yangu mimi. Ila ukija, hiyo risiti itoe nakala, ya asili usimwachie mtu yeyote, hata akiapa.

Waliouliza kuhusu majina ya Julai na Agosti, nitawajibu tarehe 1 ikishapita.