Msasa Kwanza, Wawa Baadaye

Jambo yenu. Aksanti kwa kuja, na aksanti zaidi kwa waliobeba tarumbeta zao badala ya kubeba simu tu. Ndugu wa saksofoni mliokaa nyuma, karibuni, ila leo hamna chenu.

Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua mkusanyiko kamili wa surdini. Surdini ni nini mnajua, ni kile kizibo kinachowekwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta kubadilisha sauti yake, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye kosa. Mpiga tarumbeta wa Lubumbashi akishika pesa kidogo hukimbilia wawa, ile ya aluminiamu yenye kimrija katikati, ambayo wengi huiita kwa jina la Harmon. Anaiagiza Afrika Kusini, inavuka Kasumbalesa, inafika. Anachomoa kimrija, anapuliza chumbani, anajisikia Miles Davis, yule bingwa wa tarumbeta ya jazi. Jumapili anaipeleka kanisani. Huko kuna magitaa matatu, kinanda, ngoma, na kwaya ya watu arobaini. Hakuna anayemsikia, hata yeye mwenyewe hajisikii. Jumatatu wawa iko chini ya kitanda. Huko ni kununua tomsoni bila unga wa bukari: kitoweo unacho, chakula huna.

Ya kwanza kununua ni surdini kavu, ile yenye umbo la pia nyoofu, iliyozibwa upande mpana. Fungueni karatasi za muziki wenyewe mwone. Mtunzi akiandika con sordino, au kwa Kifaransa mettez la sourdine, bila kutaja aina, anataka kavu. Ravel alipopanga Picha za Maonyesho za Mussorgsky kwa okestra, mwaka 1922, yule Schmuÿle, maskini wa kwenye picha mojawapo, analalamika kwa tarumbeta yenye surdini, noti zilezile zikirudiwarudiwa kwa kasi. Jaribuni hilo kwa surdini isiyokaa vizuri. Nusu ya noti hazitatoka.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu husinzia. Surdini kavu mpya haijamalizika kutengenezwa. Hatua ya mwisho kiwanda kimekuachia wewe. Tazameni shingo yake nyembamba: ina vipande vitatu vya koki, ile nyenzo ya vizibo vya chupa za divai, vimegandishwa kwa urefu. Huviacha vinene makusudi, kwa sababu hawajui paviyoni, yaani ule mdomo mpana wa tarumbeta yako, imepindaje. Koki nene utaipunguza. Koki nyembamba hutainenepesha. Sauti hupita kwenye ule mwanya kati ya surdini na ukuta wa paviyoni, hapo ambapo koki hazipo. Upana wa mwanya huo ndio unaoamua utasikikaje, na ni koki zinazoupanga.

Koki zikiwa nene mno, surdini hukaa nje nje. Sauti inakuwa wazi mno, karibu kama huna surdini, na katikati ya maombi kitu kinaanguka sakafuni, kengee! Kanisa zima linageuka. Koki zikiwa nyembamba mno, surdini inazama, mwanya unakwisha, noti za chini zinagoma, unasukuma pumzi kama anayepuliza mkaa wenye maji. Na koki zisipolingana, surdini inakaa upande. Bati lake linagusa paviyoni mahali pamoja na kuanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Mtu anapeleka tarumbeta kwa fundi, analipa, mvumo unarudi naye nyumbani, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye koki na aliyepelekwa hospitali ni tarumbeta.

Dawa yake ni msasa laini, namba 220. Ukiona koki ni nene sana, anza na 180. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, kigandishe kwenye rula au kijiti bapa ili usisugue kwa ncha ya kidole. Kidole huchimba shimo. Sugua koki ya kwanza mara kumi, ya pili mara kumi, ya tatu mara kumi. Hesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Usikisie. Futa vumbi, weka surdini ndani, izungushe kidogo ishike, piga. Kisha rudi, kumi tena kwa kila koki.

Upige nini? Si wimbo unaoupenda! Wimbo unaoupenda utakudanganya. Piga noti ya fa diezi ya chini kabisa, ile ya kubonyeza pistoni zote tatu, polepole na kwa sauti ndogo. Halafu sol ya juu ya mistari, kwa sauti ndogo vilevile. Halafu noti moja ya katikati, ulimi haraka haraka. Siku fa diezi itakapotoka bila kukohoa, surdini ikabaki mahali pake hata ukiinamisha tarumbeta sakafuni na kuitikisa kidogo, weka msasa chini. Umemaliza. Wengi huendelea kwa raha ya kusugua tu, na hapo ndipo huharibu.

Namwona papa mmoja hapa mbele ananitazama kama mtu aliyeambiwa aichane suti mpya. Papa, nakuelewa, kitu cha pesa nyingi, nawe unakipiga msasa siku kilipotoka kwenye kartoni. Lakini suti ukinunua, mguu wa suruali si unapelekwa kwa mshonaji akate? Na ukipitiliza, si kifo. Chukua kizibo cha chupa ya divai, kikate kwa wembe vipande vya milimita mbili. Bandua koki ya zamani, kwangua gundi iliyobaki. Paka gundi ya washona viatu pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kuminya. Badilisha zote tatu, hata kama iliyoharibika ni moja. Halafu anza tena hesabu ya kumi kumi.

Mwingine atasema: mbona tusitengeneze wenyewe kwa kartoni? Tengenezeni! Surdini za karatasi ngumu zinauzwa dunia nzima, zile nyekundu na nyeupe za Humes & Berg ni za namna hiyo, na zina sauti ya utulivu ambayo aluminiamu haina. Aluminiamu hung'aa na kuchoma. Yenye kitako cha shaba huwa na sauti nene kidogo, na mtu wa Katanga asione aibu kuipenda. Chukueni kipimo cha lile umbo la pia kutoka kwenye surdini ya mwenzenu. Ila kartoni yenu ikiwa nyepesi itatetemeka, basi pakeni tabaka mbili tatu za karatasi na gundi, na kitako kizibwe kabisa. Tundu dogo tu kwenye kitako, kazi yote imepotea.

Kabla sijaiacha kavu, suala la noti kupanda. Surdini kavu huelekea kuipandisha noti. Si kasoro ya kisasa: katika opera Orfeo ya mwaka 1607, Monteverdi ameagiza kwamba tarumbeta zikiwekwa surdini, kipande cha ufunguzi kipigwe toni nzima juu zaidi, maana surdini za wakati ule zilipandisha kiasi hicho. Zetu hupandisha kidogo, lakini kidogo hicho mbele ya kinanda kinasikika kama jino bovu. Kwa hiyo vuta kulisi kuu, ule mrija wa tarumbeta unaovutwa na kurudishwa. Kiasi gani? Milimita mbili hadi nne ni mahali pa kuanzia, halafu programu ya kupimia noti kwenye simu ikuambie ukweli. Ukishapata, usitegemee kumbukumbu. Kata kijikadi cha plastiki chenye upana sawa na ule mwanya wa kulisi, uandike juu yake "kavu". Ukiweka surdini, vuta, ingiza kijikadi, rudisha mpaka kiguse, kitoe. Sekunde tatu. Kila surdini na kijikadi chake, vyote kwenye kijimfuko kimoja. Nimesema hili mahali pengi na bado naona watu wanavuta kulisi kwa imani.

Na kiangazi je? Kuanzia mwezi wa tano hapa hewa inakauka, koki nazo zinakauka na kuwa telezi, surdini iliyoshika vizuri mwezi wa pili inaanza kudondoka mwezi wa saba. Usiongeze koki! Puliza pumzi ya joto ndani ya paviyoni kama unayetaka kufuta miwani, puliza na kwenye koki, kisha ingiza na kuzungusha robo ya mzunguko. Unyevu huo ndio unaoshika. Ukiongeza koki wakati wa kiangazi, mvua zikirudi utatafuta wa kukusaidia kuitoa.

Ya pili ni surdini ya bakuli. Ni kavu iliyovishwa bakuli linaloitazama paviyoni, na sauti yake ni ya mviringo, laini, ya kukaa nyuma ya mwimbaji. Kwa wanaopiga na kwaya, hii ndiyo mtakayoitumia kuliko zote. Tafuta yenye bakuli linalosogezwa, kama ile ya Denis Wick, kwa sababu nafasi kati ya ukingo wa bakuli na paviyoni inabadilisha kila kitu. Milimita mbili au tatu, unanong'ona, na bila maikrofoni hufiki popote. Karibu sentimita moja, unasikika na bado ni laini. Angalieni sana: ya bakuli mara nyingi hushusha noti pale ambapo kavu hupandisha. Mtu anatoka kavu, anaingia bakuli, hagusi kulisi, halafu anamlaumu mpiga kinanda.

Hapo husemwa: "Sisi wa fanfari tunapiga barabarani, surdini za nini?" Kweli, mkiandamana hamzihitaji. Lakini surdini si kifuniko cha sufuria cha kupunguza kelele. Kupunguza kelele ni kazi ya midomo na pumzi. Surdini huzuia sauti za chini na kuziachia za juu zipite, kwa hiyo inabadilisha rangi. Asiyeweza kupiga kwa sauti ndogo bila surdini hataweza nayo. Ataisukuma mpaka ipige mayowe.

Ya tatu inapatikana kwenye kenkayeri yoyote, duka la vifaa vya ujenzi: mpira wa kuzibulia masinki. Ng'oa mti wake. Chagua ule bapa wa sinki, usio na shingo ya ndani ya choo, wenye upana wa sentimita kumi na mbili au kumi na tatu ili ulingane na paviyoni, na mpira uwe laini uweze kufunguka na mkono. Na tafadhali, ununue mpya. Mmecheka, lakini mnajua kwa nini nimesema. Karatasi ikionyesha alama ya kujumlisha, funga; duara, fungua. Kufunga kabisa hunyonga sauti, kwa hiyo "kufunga" acha mwanya wa kidole upande wa chini. Bubber Miley katika bendi ya jazi ya Duke Ellington, na Cootie Williams aliyeshika nafasi yake mwaka 1929, waliifanya tarumbeta inene kama mtu kwa njia hii, wakiunguruma kooni huku wakipuliza. Wanaotaka unguruma huo watafute pia surdini kavu ndogo inayoingia ndani kabisa, ili mpira uweze kufunga juu yake.

Ndipo sasa wawa. Siichukii, msinisingizie. Tofauti yake na kavu ni kwamba koki yake ni pete kamili: hewa yote lazima ipite ndani ya surdini. Pete ikipasuka mahali pamoja tu, utasikia sss, na sauti imekufa. Kagua pete kabla ya kulipa, na usiiguse kwa msasa isipokuwa haiingii kabisa. Kimrija kikiwamo, ukifunika na kufungua kwa mkono inalia kama mtoto. Kikitolewa, ni ile sauti ya Davis, na sauti ile iliishi kwa sababu ya maikrofoni. Paviyoni iwe karibu kugusa maikrofoni, sentimita mbili tatu, tundu likiitazama. Fundi mitambo akikunyima maikrofoni yako peke yako, wawa ibaki mfukoni. Hupandisha noti, mara nyingi kuliko kavu, kwa hiyo kijikadi chake kitakuwa kipana zaidi. Ikidondoka inabonyea, ishoneeni mfuko wa kitambaa uning'inie kwenye kiti, msiibane kati ya magoti.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Surdini ya mazoezi, hii ndiyo ya kupunguza kelele kweli: majirani wa Katuba wana haki ya kulala, inunueni. Lakini inarudisha pumzi kifuani na noti za chini hazisemi ukweli, kwa hiyo nusu saa, isizidi, halafu dakika kumi za tarumbeta wazi kesho yake asubuhi kabla ya kitu kingine. Surdini ya ndoo, yenye kitambaa laini ndani, ni nzuri sana kwa baladi, ila ni ya mwisho kununua. Kofia ya kuning'iniza mbele ya paviyoni inakaribia kazi hiyohiyo. Za bugle, yule ndugu mnene wa tarumbeta, ni tofauti, msijaribu za tarumbeta humo, paviyoni yake ni pana. Nilitaka kusema pia juu ya kubadilisha surdini ndani ya wimbo. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, mizani miwili ya nne-nne, yaani mapigo manane, ni sekunde nne tu, na kijikadi kimekula tatu, kwa hiyo mkono wa kushoto ujifunze... basi, hilo tutaliona kwa vitendo.

Msasa uko mezani, namba zote mbili, na gundi. Aanze yule dada mwenye surdini iliyodondoka mara mbili nikiwa naongea.