Daktari Asiyetamani Damu: Kusoma Twilight Ukiwa Umelelewa na Mumiani

Hamjambo wote. Wale wa viti vya nyuma sogeeni mbele, sauti yangu leo imekauka.

Nimeombwa nizungumzie riwaya za mapenzi za vijana ambazo mpenzi mmoja si binadamu. Ziko tele, kwa hiyo nashika moja tu: Twilight ya Mmarekani Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005. Naona mabinti wanacheka na walimu wenzangu wanatazama dari. Haya. Hao wa dari ndio niliowajia.

Kisa chenyewe hakina mzunguko. Bella Swan, msichana wa miaka 17, anaacha jua la Phoenix, anakwenda kuishi na baba yake, mkuu wa polisi wa Forks, mji mdogo wa jimbo la Washington ambako mvua haikatiki. Darasani anakalishwa meza moja na Edward Cullen, kijana mzuri, mweupe kama chokaa, ambaye siku hiyo anajikunja kitini kama aliyenusa mzoga. Kumbe kanusa kinyume chake. Edward ni mnyonya damu. Sura yake ni ya miaka 17, lakini alizaliwa 1901, na homa ya mafua ya 1918 ilimkuta Chicago akiwa mahututi, akageuzwa ili asife. Na damu ya Bella inamnukia kuliko damu yoyote. Ampende au amle? Kurasa karibu 500 zinaning'inia hapo.

Sasa mimi nimekulia Tanga, na bibi yangu alikuwa na neno moja tu la kutuingiza ndani magharibi ikigonga: mumiani. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 inaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi mfano wa gundi, husemwa yatoka Uajemi, ila wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu iliyokaushwa, na uvumi ukizuka mji hujifungia jua likizama. Nairobi na Kampala, enzi za mkoloni, waliotajwa kuwa wanyonya damu ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu cha mwaka 2000, na ukiyasoma utagundua kitu: mnyonya damu wetu ni mtu wa kazi. Ana sare, ana gari, ana bosi. Kiu si yake. Leo kakukosa wewe, atamchukua jirani, na hesabu yake itatimia. Mtu kama huyo utampendaje? Hata hajakuona.

Edward kamwona Bella. Kiu yake ina jina la mtu mmoja. Hapo ndipo Meyer alipowashika wasomaji wa miaka 15, si kwenye ngozi inayometameta juani ambayo wakosoaji hawachoki kuicheka. Msichana anayejihesabu wa kawaida anaambiwa kwamba harufu yake peke yake imemtikisa kiumbe aliyeishi karibu karne nzima bila kutikisika. Na kiumbe huyo anajizuia! Ukoo wake hunywa damu ya wanyama tu, nao kwa utani hujiita wala mboga. Kila anapomgusa shavu, msomaji hubana pumzi. Kwa mapenzi ya kungoja, mwandishi huyu ni fundi, nami simnyimi haki yake.

Ninapoachana naye ni chumbani. Edward anaingia usiku bila kubisha, anamtazama Bella akiwa usingizini, siku nyingi, na Bella akijua anafurahi. Kwetu huyo ana jina, jini mahaba, na nyumba ingejaa kisomo kabla ya alfajiri. (Mabinti, chekeni, lakini mlango mfunge.)

Jingine kwa ufupi. Wanaogeuka mbwa mwitu katika mfululizo huu ni Waquileute, kabila la kweli la wenyeji wa asili wa Marekani, wenye kijiji chao La Push pwani ya Pasifiki. Wao husimulia kwamba asili yao ni mbwa mwitu. Wanyonya damu hawamo katika masimulizi hayo, Meyer kawapachika. Watalii walimiminika wakitafuta kilichopachikwa.

Lakini aliyeninyima usingizi mimi ni Carlisle, baba wa ukoo, ndiye aliyemgeuza Edward. Kazi yake? Daktari. Katika sura ya tatu gari linateleza kwenye barafu uwanjani pa shule, Edward analizuia kwa mkono, Bella anapelekwa hospitali, na anayekuja kumpima kichwa ni mnyonya damu aliyevaa koti jeupe. Meyer anataka tumwone mtakatifu: imemchukua karne mbili kujifunza kusimama mbele ya jeraha bila kutamani. Mimi niliona gari la wagonjwa, nikaona sare, nikaona mtu asiye na kiu aliyezungukwa na damu za watu. Nilifunga kitabu, nikaenda kukagua komeo. Halafu nikarudi, maana nilitaka kujua kama watabusiana.