Mkasi wa zabibu na karatasi ya "kuku"

NEEMA: Mbukwenyi, mbukwenyi! Tumerudi, mimi Neema na Mwalimu Daudi, na leo Mwalimu kaja na daftari kabisa, kaandika masomo matatu ya kuwaandaa vijana wetu wenye ulemavu na kazi, nimemwambia yasubiri kidogo maana wiki hii nimeona mambo.

DAUDI: Mbukwa dada. Masomo yenyewe mafupi, robo saa tu yanaisha.

NEEMA: Utayasoma. Sasa wale mnaotufuata mnamjua kijana wa dada yangu, yule wa Chamwino, ana mtindio wa ubongo, mkono wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka polepole. Katimiza miaka 19. Jumanne tumempeleka chuo kimoja cha ufundi, jina nakaa nalo, wamfanyie tathmini tujue asome kozi gani. Kavaa shati la kanisani, mama yake kalinyoosha mara mbili. Tumekaa kwenye benchi mpaka saa tano, akaitwa, akapewa karatasi anakili sentensi nne, alafu sindano na uzi atunge. Kwa mkono ule! Dakika 20 hazikufika. Tukaitwa ndani tukaambiwa, huyu tumwandikie kuku.

DAUDI: Kuku.

NEEMA: Ufugaji wa kuku. Kijana anaogopa kuku toka mdogo! Hakuna aliyemuuliza. Hata swali moja, unapenda nini, halikuulizwa, waliongea na mimi tu kama vile yeye ni mzigo nimeubeba kwenye basi.

DAUDI: Hiyo inaniuma kweli, na ndo lilikuwa somo la kwanza. Mwenye ulemavu akifika anaandikiwa kuku, cherehani au sabuni za maji, yani ulemavu wake ndo unachaguliwa kozi, yeye hachaguliwi. Tathmini inatakiwa iulize anapenda nini, anaweza nini, na kazi yenyewe inadai nini, alafu umuone anafanya kazi, kwenye kazi yenyewe, siku kadhaa. Wenzetu Marekani sheria yao inataka mpango wa mtoto wa kutoka shule kwenda kazini uwepo kabla hajafikisha miaka 16. Sisi tunaanza kumuuliza akishamaliza. Sasa somo la pili...

NEEMA: Ngoja, Jumamosi! Baba yake mdogo ana shamba la zabibu Mpunguzi, wapo kwenye kupruni, yani kupunguza matawi, tukaenda. Na Mwalimu nikamwita, kaja na ndoo.

DAUDI: Umesema shamba la zabibu, nije na nini?

NEEMA: Kaja na ndoo nyeupe ya lita 10 wakati wa kupruni! Jamani, wa mikoani mtusikie, Dodoma zabibu tunavuna misimu miwili kwa mwaka, ukishavuna unakata matawi, na ukikata vibaya msimu unaofuata unavuna majani. Pale hakuna hata punje, ni miti mitupu kwenye waya, na Mwalimu anapita mistarini na ndoo.

DAUDI: Endelea na kijana.

NEEMA: Baba yake mdogo akamwonyesha. Tawi hili, hesabu macho mawili, yale yanayochipua, kutoka kwenye mti, kata juu ya jicho la pili, kata mshazari ili maji yasituame kwenye jicho. Ndo hivyo tu, lakini ni tawi kwa tawi mstari mzima, na watu wengi wakichoka wanaanza kukata hovyo. Yeye mkasi kaushika kushoto. Wa kwanza ukamponyoka kwa jasho, wa pili ukamponyoka, baba yake mdogo akakata kipande cha tyubu ya baiskeli akauzungushia mpini. Basi. Mkono wa kulia ule usio na nguvu ukawa unashikilia tawi tu, kushoto kunakata. Nilimuona akikata anasimama, anasogeza uso karibu kabisa, midomo inacheza, moja, mbili, ndo anakata. Polepole. Mstari umefika mwisho, baba yake mdogo kaukagua wote, kaenda kurekebisha matawi matatu. Wa yule kibarua mzima pembeni yake karekebisha mengi mpaka kaanza kufoka.

DAUDI: Ile tyubu niliipenda sana. Kuna mtu anaitwa Marc Gold, huko huko Marekani miaka ya 70, alifundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli, watu waliokuwa wanaambiwa hawafundishiki. Aliivunja kazi vipande vidogo vidogo, na mtu akikwama, anayebadilisha njia ni mwalimu. Kwa iyo mkasi ukiponyoka usiseme kijana hawezi, angalia mkasi.

NEEMA: Sawasawa! Ndo maana Jumatatu anaanza. Baba yake mdogo anamtaka.

DAUDI: Anaanza nini?

NEEMA: Kazi.

DAUDI: Hapana dada. Hapo sikubaliani na wewe. Wale walimtazama dakika 20, wewe umemtazama asubuhi moja. Hiyo nayo sio tathmini. Jua la mchana hujamuona nalo, siku ya tatu mgongo ukiuma hujamuona. Na analipwa shilingi ngapi?

NEEMA: Anachompa kila kibarua akimaliza mstari.

DAUDI: Umeuliza au unadhani?

NEEMA: ...Ni baba yake mdogo, Mwalimu.

DAUDI: Ndo hapo! Ndugu hawalipani. Nimefundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu miaka mingi, wanafunzi wangu nawakuta dukani kwa mjomba, gereji kwa kaka, ukiuliza unaambiwa "anasaidia". Miaka mitatu anasaidia. Anakula, anapewa nguo sikukuu, hana hata elfu kumi yake mfukoni. Msimu ukiisha anarudi benchi. Akiwa na cheti chake anaweza kwenda kwa mtu asiyemjua akasema mimi ni fundi.

NEEMA: Na mi nimeona vyeti vimewekewa plastiki vimetundikwa ukutani, mwenyewe kalala ndani. Kwa nani anaenda nacho?

DAUDI: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iko wazi, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu anatakiwa aajiri watu wenye ulemavu asilimia 3.

NEEMA: Asilimia 3 ya 20 ni nini? Haifiki hata mtu mmoja!

DAUDI: Ya 200 ni watu sita. Na mji huu umejaa ofisi toka serikali ihamie. Lakini hao sita wataulizwa vyeti.

NEEMA: Si kuna urasimishaji wa VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa anachokijua anapewa cheti. Aanze kazi, cheti kimkute huko huko.

DAUDI: Nimeona wanaopimwa waashi, maseremala, wapishi. Mkata zabibu sijamuona.

NEEMA: Atakuwa wa kwanza.

DAUDI: Dada, unaongea kama mama mkubwa. Mi naongea kama mtu niliyeyazika matumaini ya wazazi wengi.

NEEMA: Na wewe unaongea kama chuo, unataka aandaliwe, aandaliwe, aandaliwe. Ana miaka 19! Wenzake wa umri wake wana bodaboda, wana watoto. Jumamosi usiku alikataa kunawa mikono mpaka mama yake aione ile rangi ya matawi, unalijua hilo? Mimi siwezi kumwambia asubiri fomu.

DAUDI: Sijasema asubiri. Nimesema asitumike.

NEEMA: Unanirudisha palepale.

DAUDI: Na wewe pia.

NEEMA: ...Haya. Wanatugongea, wa kipindi kinachofuata wamefika mlangoni.

DAUDI: Masomo mawili sijagusa. Kulikuwa na la nauli, kijana afundishwe kupanda daladala mwenyewe kabla ya kazi yoyote, hilo ni kubwa jamani...

NEEMA: Wiki ijayo. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nampitia.

DAUDI: Bei ya mstari uliza mbele yake, asikie kwa masikio yake.

NEEMA: Nitauliza. Lakini anaenda.

DAUDI: Na mimi fomu ya chuo kingine nimeshaichukua, iko kwenye begi.

NEEMA: Ndoo yako iko Mpunguzi, uliisahau kwenye mstari wa mwisho.