Mfungueni Tumbo Kwanza: Kuchagua na Kutumia Chambo Kikubwa cha Besi

(Mhadhara uliotolewa Msasani, Dar es Salaam, kwa wavuvi wa ufito wanaojiandaa na safari ya Ziwa Naivasha, Kenya)

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni.

Jana asubuhi nilikuwa soko la samaki la Feri. Nilimkuta mpaa samaki ameshika kolekole wa kama kilo nane, nikamwomba anipasulie tumbo pale pale mezani. Tumboni mlikuwa na vibua watatu. Mmoja alishayeyuka, umebaki uti. Mwingine ngozi imechunika. Wa tatu mzima kabisa, mgongo bado una rangi ya kijani, kaingia kichwa kimetangulia. Nikampima kwa shubiri: shubiri moja kasoro kidogo. Yule kijana akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini humo?" Nikamwambia natafuta umbo la chambo changu.

Wengi wenu mmenionyesha kwenye simu vile vyambo vya mpira vya sentimita 20, vyenye sura ya samaki aitwaye trauti, mnataka kwenda navyo Naivasha kumvua besi, samaki wa maji baridi anayewinda wenzake. Ni vizuri mno. Lakini mjue vilizaliwa wapi. Mwaka 1959 besi wa asili ya Florida, jamii inayokua kuliko ndugu zake wa kaskazini, walipandikizwa kwenye mabwawa ya San Diego, California. Mabwawa ya huko yakawa yanamwagiwa trauti wa kufugwa ili watu wapate cha kuvua. Trauti ni mwembamba, laini, hana miba mikali mgongoni, na aliyekulia kwenye bwawa la kufugia hajajua kukimbia adui. Besi wakanenepa kama ng'ombe wa zizini. Mafundi wakachonga trauti wa mbao, baadaye wakaja wa mpira. Chambo kile ni jibu la swali la California.

Sasa tazameni Japani. Tarehe 2 Julai 2009 Manabu Kurita alivua besi wa kilo 10.12 kwenye Ziwa Biwa, akalingana na rekodi ya dunia ya uzito wa besi ya George Perry wa Georgia, Marekani, iliyokuwa imesimama tangu 1932. Kurita alitumia blugili hai, samaki mfupi, mpana wa ubavu, aliyejaa Biwa. Swali lingine, jibu lingine.

Na Naivasha? Besi aliletwa pale mwaka 1929. Anakula kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, walioingizwa ziwani mwaka 1970, anakula na samaki wadogo, perege wakiwemo. Perege ana kimo, yaani ni mpana kutoka mgongoni hadi tumboni. Kumbukeni mdomo wa besi ndio mlango, na mlangoni kinachokwama ni kimo, urefu hupita. Kwa hiyo mimi nabeba chambo cha sentimita 12 hadi 15, ubavu mpana, rangi ya tope na kijani. Kile cha 20 nabeba kimoja tu. Rangi haininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni namna chambo kinavyozama.

Hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu palinigharimu siku nzima. Safari yangu ya kwanza nilijaribu chambo changu baharini, Kigamboni, maji yamejaa. Kikaelea katikati ya maji kama samaki anayepumzika, nikafurahi. Kufika Naivasha, nakirusha kando ya mafunjo, kinakwenda chini moja kwa moja kwenye mizizi. Nilipoteza viwili kabla ya saa nne. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa kiasi cha asilimia mbili na nusu. Chambo cha gramu 100 kinachoning'inia sawasawa baharini kikifika ziwani kinakuwa kama kimefungwa chubwi ya gramu mbili na nusu. Ni kidogo mkononi, ni kingi majini. Watengenezaji wengine huandika kasi ya kuzama. Kwenye vile vya kampuni ya Huddleston, namba 5 maana yake futi tano kwa sekunde 10, namba 12 futi kumi na mbili. Kama chako hakikuandikwa, kihesabu mwenyewe. Kikizama upesi, badilisha ndoana uweke nyepesi. Kikielea mno, zungushia waya wa risasi kwenye shina la ndoana ya tumboni.

Ufito uwe mgumu, wa kubeba gramu 60 na zaidi, na mshipi wa kilo 10. Mengine muuzaji atakuelekeza.

Cha mpira chenye mkia mpana kivute polepole, polepole kuliko moyo unavyotaka, mpaka usikie mkia unapiga mkononi, tu, tu, tu. Cha mbao chenye kiungo kimoja hakitaki mvuto ulionyooka: zungusha rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, nusu, acha, nusu, acha, nacho kitayumba kushoto na kulia. Mara nyingi utamwona besi anakifuata nyuma, kivuli kizito, hagusi. Usisimamishe kwa woga. Kishtue mara moja kigeuke kimtazame; hapo ndipo hufungua mdomo. Ukisikia pigo, usinyanyue ufito hapo hapo. Ngoja uzito ulale kwenye mshipi, kisha vuta kwa ubavu.

Akifika chomboni mshike kwa mikono miwili, mmoja taya, mmoja tumbo. Besi mkubwa akining'inizwa kwa taya peke yake, taya huumia, na mkubwa yule amechukua miaka kufika alipo. Koleo liwe kiunoni, si ndani ya begi. Na kando ya mafunjo kuna viboko. Mwenye chombo akisema tuondoke, tunaondoka, hata kama besi anafuata.

Nyuma ya ukumbi nimejaza pipa maji ya bomba. Kila aliyekuja na chambo akichukue, tuanze kuhesabu sekunde.