Mtakatifu Kamili wa Lellis, mgonjwa aliyewauguza wagonjwa

Tumsifu Yesu Kristo! Haya, wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nimeombwa niongee juu ya Mtakatifu Kamili, msimamizi wa wagonjwa, na mimi naanza na mguu wake, maana ukiuacha ule mguu huyu mtu huwezi kumwelewa. Kazaliwa 25 Mei 1550 kule Bucchianico, Italia, baba yake mwanajeshi wa kukodiwa, mama alimzaa umri umeshakwenda sana na akamwacha yatima wa mama angali mdogo, basi kijana akafuata njia ya baba, jeshi na kamari. Alikuwa pande la mtu, mrefu kupita kawaida, mgomvi, na mguuni akapata kidonda ambacho hakikupona mpaka anakufa. Zaidi ya miaka 40 hiyo ndugu zangu!

Kidonda kikampeleka Roma, hospitali ya San Giacomo, ya wale waliohesabiwa hawaponi. Akawa anatibiwa huku anafanya kazi hapo hapo, ila wakamtimua sababu ya karata na ugomvi. Mwaka 1574 yuko Napoli akaliwa kila kitu kwenye kamari, inasimuliwa mpaka shati la mwilini lilikwenda. Akaishia kibarua kwenye ujenzi wa Wakapuchini, watawa wa familia ya Mtakatifu Fransisko, pale Manfredonia, na tarehe 2 Februari 1575, yuko njiani, moyo ukamgeuka, akapiga magoti akalia. Akaomba utawa kwa hao hao Wakapuchini, wakampokea, kidonda kikafumuka, wakamwambia rudi nyumbani. Akajaribu tena, yakawa yale yale.

Sasa mtu kama huyu aende wapi? Akarudi San Giacomo, na safari hii akawa msimamizi wa hospitali. Na kwa vile alishalala kwenye vitanda vile vile, aliyaona mambo ambayo mkubwa wa ofisini hayaoni, yaani wagonjwa wanaachwa wachafu, watumishi wapo kwa ajili ya mshahara tu, mtu anakata roho hana hata wa kumshika mkono. Aligundua hata kwamba wengine walizikwa wakiwa bado hai! Ndio maana aliwaagiza watu wake wasimfunike mtu uso haraka, waendelee kumwombea robo saa hivi baada ya kuonekana amekufa. Hili mimi linanigusa kuliko miujiza yote, maana ni utakatifu unaoangalia kama mtu bado anapumua.

1582 akapata wazo la kukusanya watu wa kuhudumia wagonjwa kwa upendo, siyo kwa ujira. Akasoma darasani na watoto wadogo, akapewa upadre 1584, na 1586 Papa Sisto wa Tano akaikubali jumuiya yake na kuwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani, karibu karne tatu kabla ya lile shirika la Msalaba Mwekundu la Geneva tunalolijua sote. 1591 wakawa shirika kamili la kitawa, na juu ya zile nadhiri tatu za watawa, ufukara, useja na utii, wakaongeza ya nne, kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha. Na walikufa kweli, kwenye tauni, wengi tu.

Desemba 1598 mto Tiber ukafurika, maji yakaingia hospitali ya Santo Spirito, na Kamili na mguu wake ule ule akawa anawabeba wagonjwa kuwapandisha ghorofani, mmoja baada ya mwingine. Siku mguu ukimgomea kabisa alitambaa kitanda hadi kitanda kuuliza nani anataka nini. Ndugu zake aliwaambia watie moyo zaidi kwenye mikono yao, na manesi mlioko hapa mnajua, mgonjwa anaujua mkono hata akiwa amefumba macho.

Alifariki Roma 14 Julai 1614. Mwaka 1886 Papa Leo wa 13 akamtangaza msimamizi wa wagonjwa na hospitali pamoja na Yohane wa Mungu, mtakatifu mwingine aliyewahudumia wagonjwa, halafu 1930 Papa Pio wa 11 akawafanya wasimamizi wa wauguzi pia. Na siyo habari ya Ulaya peke yake, pale Karungu, Migori, Kenya, pembeni ya Ziwa Viktoria, Wakamiliani, yaani watawa wa shirika lake, wana hospitali yenye jina lake, na wamelea watoto wengi walioachwa yatima na ukimwi.

Haya, maswali. Tuanze na akina mama wa huku mbele.