Sanduku mmelifunga, mtoto je?

Mazungumzo na wazazi, Columbus, Ohio

Asante mwenyekiti. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine hamjambo. Nimepewa nusu saa, na sufuria ya pilau nimeiona ikipita kuelekea jikoni, kwa hiyo sitazunguka.

Wangapi mna mtoto anayekwenda kambi kiangazi hiki? Nasema ya kulala, siyo ile ya kurudi jioni. Inueni mikono. Haya. Wangapi mmeshanunua begi? Mikono ileile, tena juu zaidi. Sasa, wangapi mtoto wenu amelala nyumba ya watu mwaka huu, usiku mzima, bila nyinyi? ... Mama, kwa bibi yake haihesabiki kama nawe ulilala hapohapo.

Mlionisikia mwaka jana mnajua ninakoelekea. Nivumilieni. Mwaka jana mlicheka sana, halafu Julai watatu kati yenu mkanipigia simu usiku.

Kijana wangu wa kwanza alikwenda kambi akiwa na miaka 12, wiki mbili, kwenye mabweni ya chuo kimoja ambacho sitakitaja kwa sababu kosa halikuwa lao peke yao. Orodha ya vitu niliifuata kama dawa. Nguo nilizipiga pasi mpaka soksi. Jina nililishona kwenye kola, mambo ya bweni letu la zamani. Usiku wa tatu, saa nane, akaamka kwenda haja. Mabweni mengi ya vyuo vya hapa choo kiko mwisho wa korido, hakiko chumbani. Akavaa kandambili zake akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake: kle! Kadi ya kufungulia iko ndani, simu iko ndani, na mwenzake ndani kalala kama gogo.

Akarudi, akagonga. Alivyogonga? Kama nilivyomfundisha mimi: kwa kidole kilichokunjwa, taratibu, huku anasema hodi. Hodi! Saa nane za usiku, kwa mtoto wa Kimarekani ambaye hata angeamka asingejua kaambiwa nini. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Na sisi tumewafundisha nini? Hodi tatu ukikosa jibu, rudi ulikotoka. Sasa yeye arudi wapi?

Milango minne kutoka pale alikuwa analala mlezi wao, hawa vijana wa chuo wanaokaa ghorofa moja na watoto. Mlangoni pake kulibandikwa karatasi yenye picha yake na maneno: gonga wakati wowote. Nilimuuliza mwanangu baadaye, ile karatasi uliiona? "Niliiona, mama." Uliisoma? "Niliisoma." Mbona hukugonga? "Alikuwa amelala."

Akakaa chini, ukutani, kiyoyozi kinampuliza, magoti kayaingiza ndani ya fulana, mpaka saa kumi na mbili asubuhi alipokutwa na mtu wa usafi. Masaa manne, jamani. Ningekuwa na haki ya kumgombeza. Nilifungua mdomo nikakosa neno, maana ile sentensi ni yangu. Mimi nilikuwa nafanya shifti ya usiku ghalani, na baba yake vilevile kwa zamu, kama wengi wenu mlio hapa. Tangu akiwa na miaka minne anaambiwa: shii, baba amelala. Shii, usimwamshe mama. Miaka minane nimemfundisha kwamba mtu mzima aliyelala haamshwi hata nyumba ikiwaka. Alifaulu mtihani wangu, mia kwa mia.

Najua mzee mmoja hapa mbele ameshaanza kutikisa kichwa. Kila mwaka kuna anayesimama kuniambia: sisi tulikwenda bweni na sanduku la bati, ndoo, jembe na fagio, hakuna aliyetuandaa, na tumekuwa watu. Sikatai, na mimi nilibeba ndoo. Lakini tukumbukeni vizuri. Bweni letu lilikuwa na kengele ya kuamka, ya kula, ya kulala. Lilikuwa na matroni na kiranja. Vitanda 40 kwenye bweni moja, ukikohoa wanaamka kumi, na wote wanakuelewa unaposema tumbo linaniuma. Na mlango wa bweni letu, mzee wangu, ulikuwa unajifunga wenyewe? Mingine haikuwa hata na komeo! Hapa anapewa chumba, kadi, ramani ya chuo chenye barabara na mabasi yake, anaambiwa saa mbili kamili uwe jengo fulani. Asiyeuliza anapotea kimyakimya, tena kwa adabu zake zote.

Na yule dada wa nyuma anawaza, huyu anatufundishia watoto kuwa kama wa kwenye televisheni, wa kumjibu mtu mzima. La. Adabu ibaki. Mimi nataka tumalizie somo tuliloliacha katikati. Kwetu mwizi akiingia usiku, au mama akishikwa na uchungu, kuna mtu anayepiga hodi tatu kisha anaenda zake kulala? Anapiga yowe, mtaa mzima unaamka, na hakuna aliyewahi kumwambia hana adabu. Kwa hiyo sheria ya dharura tunayo, tena ni ya kwetu. Watoto wetu hatukuwaambia, kwa sababu huku hawajawahi kusikia yowe likipigwa.

Basi zoezi ni hili, na mnalianza wiki hii, msingoje Juni. Baba kalala baada ya shifti? Siku moja mtume mtoto amwamshe. Agonge kwa ngumi, aite jina, aendelee mpaka ajibiwe, na baba uamke bila kununa. Mkienda dukani, aulize yeye bei, nyinyi kaeni nyuma na midomo yenu muifunge, hapo ndipo penye kazi. Kwa daktari, aseme mwenyewe panapouma. Na alale nje: kwa rafiki, kwa mama mdogo, usiku mmoja, halafu miwili, bila simu ya kila saa. Hili si langu peke yangu, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2007 kuhusu watoto kulilia nyumbani, na mazoezi ya kulala mbali yamo.

Kwenye mwongozo huohuo kuna jambo ambalo akina mama hamlipendi. Msimwahidi mtoto kwamba "ukishindwa nitakuja kukuchukua." Mnadhani mnamtuliza. Yeye anasikia kwamba mama hana uhakika nami, na kila akikosa raha kidogo anaanza kuhesabu njia ya kurudi. Mwambie utakumbuka nyumbani, ni kawaida, na ukikumbuka utafanya hivi na hivi. Basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Dawa: ziende kwenye chupa ya duka la dawa yenye jina la mtoto. Panadol mliyoletewa kutoka nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki watawanyang'anya, na wana haki. Pampu ya pumu, hakikisheni kwenye fomu imeandikwa kama anakaa nayo mwenyewe. Mwenye selimundu, waelezeni kwa maandishi: maji ya kunywa kila wakati, bwawa la maji baridi na jua kali vinaweza kumwangusha, na homa kwake ni hospitali usiku huohuo.

Udi na ubani, dada zangu, hapana. Marufuku chumbani, kengele ya moto italia na jengo zima litoke nje na nguo za kulalia.

Chakula: pizza yenye vile viduara vyekundu vya nyama, mara nyingi ni nguruwe. Asikae na njaa siku mbili, aulize jikoni. Mnaona tunarudi palepale.

Shuka. Vitanda vya bweni vingi ni virefu, inchi 80. Shuka la kawaida la kitanda cha mtu mmoja ni la inchi 75, litachomoka pembeni usiku kucha. Someni pakiti.

Siri. Hili lingetaka siku yake, na nitaomba nipewe. Mtu mzima yeyote anayemwambia mtoto "usimwambie mama" huyo ndiye wa kusemwa kwa mama siku hiyohiyo. Mwambieni mtoto kabla hajapanda gari, kwa maneno hayohayo.

Pesa: mwenye mtoto wa sekondari aulize shuleni kuhusu Upward Bound. Ni mpango wa serikali kuu, mizizi yake ni sheria ya 1964 ya kupambana na umaskini, na ni bure. Unawalenga wa kipato kidogo na ambao wazazi wao hawakumaliza chuo, na kiangazi unawapeleka kampasi, mara nyingi wiki sita. Si kila shule inayo, ndiyo maana nasema muulize.

Namalizia. Wewe kijana wa fulana ya njano, safu ya tatu. Una miaka mingapi? Kumi na moja. Unakwenda kambi? Vizuri. Ule mlango wa jikoni umefungwa na ndani kuna kelele za sufuria. Nenda ukagonge, umwambie atakayefungua kwamba mwalimu ana kiu, anaomba chupa mbili za maji. Usirudi mpaka wafungue.

Mama, kaa. Nimemtuma yeye. Kaa chini, mama... Gonga tena, mwanangu, hawajakusikia. Kwa nguvu!