Meza ya Karibu na Spika

BEKA: Karibuni tena. Da Mwana leo anajibu kwa kichwa tu, sijui kanuna.

MWANAIDI: Sijanuna. Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu Sinza, wakaniweka ubavuni mwa spika. Lile dude limenizidi urefu! Mpaka leo sikio la kushoto linalia nyiii, kama nyenze.

BEKA: Si ndiyo sikio lako la siku zote?

MWANAIDI: Hilo hilo, wasikilizaji wanalijua. Siku za kawaida nalisahau. Baada ya kelele linapanda, halafu usiku pakishatulia ndo balaa. Nawasha feni hata kama kuna baridi, nipate cha kusikiliza kingine.

BEKA: Turudi kwenye meza. Ulichanga shilingi ngapi?

MWANAIDI: Beka!

BEKA: Nauliza tu. Waliomaliza ahadi wanakaa karibu na keki, wenye deni wanapewa spika.

MWANAIDI: Nilimaliza! Na kadi yangu ilikuwa ya dabo.

BEKA: Ukaenda na nani?

MWANAIDI: Shangazi. Yeye hasikii vizuri, aliipenda sana ile meza.

BEKA: (anacheka) Kumbe kamati ilimpangia shangazi, wewe msindikizaji!

MWANAIDI: Haya. Nilikuwa na viziba vya sponji. Unakisokota kiwe chembamba, mkono wa pili unavuta sikio juu, unakiingiza, unashikilia mpaka kitanuke. Wengine wanaweka pamba. Pamba haizuii kitu cha maana.

BEKA: Mimi nilisoma ile taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inasema sauti ya desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, mwisho uikae kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila zikipanda 3, muda unakatwa nusu. Zikifika 100 una dakika 15.

MWANAIDI: Dakika 15 MC bado anatambulisha wajomba.

BEKA: Wa upande mmoja! Sasa kwa nini hukumfuata dijei apunguze?

MWANAIDI: Shughuli ya watu? Thubutu.

BEKA: Basi ungeiambia kamati, “Nina tatizo la sikio, nihamisheni.”

MWANAIDI: Ukisema hivyo umekwisha. Huyu anakuletea kitunguu saumu, yule anasema unasengenywa, mwingine ana namba ya mtaalamu Bagamoyo. Mimi nina viziba kwenye pochi, nikizidiwa natoka nje kidogo, narudi. Nani kajua?

BEKA: Ndo tatizo, hakuna aliyejua. Na mwenye sikio kama lako asiye na viziba, nani amsemee?

MWANAIDI: Mwenye shughuli. Yeye ndiye aliyelipia muziki.

BEKA: Mwenye shughuli yuko jukwaani anakata keki! Sikubali.

MWANAIDI: Usikubali.

BEKA: Sasa fundi mitambo anatuonyesha saa, na hatujagusa kwinini na aspirini nyingi zinavyovumisha masikio. Wala viziba vya wanamuziki, wala ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa kumbi.

MWANAIDI: Wiki ijayo, tukijaliwa. Ila la daktari nisiliache: mlio wa sikio moja tu, au unaodunda na mapigo ya moyo, au usikivu ukikatika ghafla, usingoje. Hili langu lilishapimwa.

BEKA: Na dijei ungemwambia.

MWANAIDI: Fundi, zima maiki ya huyu.